Majina Manane Ukutani

Wiki tatu za mwisho kiwandani hatukushona chochote. Tulifungua masanduku. Kila asubuhi lori lilileta shehena kutoka bandarini, na ndani yake mlikuwa na jaketi za wazima moto, zile zile tulizokuwa tukizishona sisi, rangi ile ile, mikanda ile ile inayong'aa, ila hizi zilikuwa zimeshonwa nchi ya mbali na watu ambao hatutawaona kamwe. Kazi yetu ilikuwa kukagua mishono. Nilikuwa nimekalia mashine yangu miaka kumi na minne, na sasa walinipa meza, taa na lenzi ili nitafute makosa ya mtu aliyechukua kazi yangu. Nilitafuta kwa roho mbaya, nakiri. Sikupata. Mshono ulikuwa umenyooka, ncha za uzi zimefichwa, pembe za mifuko zimerudiwa mara mbili kama inavyotakiwa. Nikamsogezea jaketi moja rafiki yangu aliyekuwa meza ya pili. Aliigeuza, akaipapasa kwa ndani, akasema, "Huyu muntu anajua kazi." Laiti wangekuwa wameshona vibaya, ningeondoka pale kichwa juu.

Huyo rafiki ndiye aliyekuwa amekaa mashine ya kushoto kwangu miaka yote hiyo. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nilikuja Brussels nikimfuata mume wangu aliyekuwa akisoma, na ni hapa nilipomzika. Yeye ni wa Bukavu, alifika kama mkimbizi na mtoto mmoja mgongoni. Nimemzidi miaka mitatu, kwa hiyo ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Nilijua jina la dawa yake ya presha, naye alijua kila ugomvi wangu na binti yangu, nani alianza na nani alinuna. Ungetuuliza siku zile kama kuna jambo tunalofichana, tungekucheka usoni.

Katika nchi hii, kiwanda kikifungwa kwa sababu kazi imehamia ng'ambo, hamtupwi tu barabarani. Serikali ya mkoa, pamoja na fedha za mfuko wa Ulaya uliowekwa kwa ajili ya watu wa namna yetu, hufungua ofisi yenu wenyewe. Wanaiita selule. Yetu ilikuwa Molenbeek, ghorofa ya pili, karibu na mfereji, mwendo mfupi kutoka metro. Ukijiandikisha na kuhudhuria, unapata posho yako, unapata mshauri wa kukufuata, na unalipiwa mafunzo ya kazi mpya. Mimi siwezi kuidharau ofisi ile. Baba yangu alipopoteza kazi ya machimbo kule Katanga, hakuna aliyemwita mahali popote kumuuliza sasa anataka kuwa nani. Alikaa kwenye kiti uani miaka sita, na tulipita mbele yake polepole tukienda shule. Kwa hiyo nikisimulia mambo ya selule kwa kucheka, mjue kwamba nacheka nikiwa na shukrani.

Tatizo lilikuwa swali lao. Mshauri wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Molenbeek, wazazi wake watu wa Moroko, ana miwani mikubwa na pete kila kidole. Alitupanga kwenye viti kwa duara, watu kumi na wanne wa chumba cha ushonaji na cha kufungasha, wengi wetu Wakongo, akafungua daftari lake na kusema kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, "Nataka kila mmoja atuambie mradi wake. Ndoto yake. Msiogope."

Atuambie. Pale, mbele ya wote.

Kwetu jambo ambalo halijatimia halitamkwi. Mtu anayesafiri utajua amesafiri akikupigia simu kutoka huko alikofika. Anayejenga atasema anaokota okota matofali tu, hadi siku utakayoona paa. Mama yangu alihama nyumba bila jirani yake wa ukuta mmoja kujua, mpaka mkokoteni ulipokuwa mlangoni. Wengine wanaogopa kulogwa, na mimi sitasema siogopi. Lakini pia kuna aibu. Ukikaa kimya na jambo lako likafa, unalizika mwenyewe na kesho unaamka. Ukilitangaza likafa, kila unayekutana naye ni mfiwa mwenzako, anataka kukupa pole.

Basi duara likaanza kuzunguka. "On verra," alisema wa kwanza, yaani tutaona. "Mungu anajua," alisema wa pili. Mzee mmoja wa chumba cha kufungasha tuliyemwita papa, mtu mkubwa mwenye sauti ya kanisani, alifungua mikono akasema, "Mi niko ouvert. Nitafanya paka ile Mungu atatoa," yaani yuko tayari kwa lolote. Rafiki yangu aliangalia viatu vyake na kusema kazi yoyote ni kazi. Ilipofika zamu yangu nikasema bado natafakari. Mshauri aliandika mstari mmoja mmoja, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliweza kusoma: hana mradi, hana mradi, hana mradi. Na mimi nilikuwa na kitabu cha mitihani ya udereva kwenye mkoba, nimekifunika kwa karatasi ya matangazo ya duka.

Nilitaka kuendesha basi la jiji. Nikiwa Lubumbashi niliendesha pikapu ya mume wangu hadi Likasi na kurudi, barabara mbovu, mizigo hadi juu, na hakuna aliyenipita kwa urahisi. Nilipofika Ulaya nikaishia kuangalia ukuta. Mashine yangu ilielekea ukutani. Kwa miaka kumi na minne niliujua kila ufa wa rangi ile. Jumamosi nikienda Chaussée d'Ixelles kununua vitu vyangu, nilikuwa nasimama Porte de Namur kuangalia mabasi yakikata kona, na siku nyingine dereva alikuwa mwanamke wa umri wangu, amekaa juu, kioo kizima mbele yake, anageuza usukani kwa kiganja kimoja. Nilitaka kiti kile kwa namna ya kuniaibisha. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja na nilikitaka kama mtoto anavyotaka baiskeli.

Wiki iliyofuata mshauri akabandika karatasi ukutani, kando ya mashine ya kahawa. Mafunzo ya udereva wa basi. Kituo cha mafunzo kilikuwa tayari kufungua kundi kwa ajili ya watu wa kiwanda chetu, likifika watu wanane. Chini yake mistari minane mitupu ya majina na sahihi, na tarehe ya mwisho: Ijumaa ya wiki ya pili, saa sita mchana. Majina yasipotimia, nafasi ile inapotea, na kila mtu atapelekwa kwenye mafunzo yaliyokuwepo, usafi wa maofisi au kutunza wazee.

Sijawahi kuona watu wanaokunywa kahawa kama sisi siku zile. Kila mtu alikwenda kwenye mashine, akabonyeza, akasimama pale akikodolea karatasi macho mpaka kikombe kipoe. Kisha anarudi kukaa. Karatasi ilibaki nyeupe.

Nilijaribu njia ya uani. Nilimfuata mshauri kwenye kijumba chake, ambacho kuta zake hazikufika darini, nikamwambia kwa kunong'ona kwamba mimi nataka, aniandike kimya kimya. Alivua miwani. Akasema kituo kinataka sahihi kwenye ile karatasi yenyewe, na hata hivyo, mmoja si wanane. "Nimewauliza wenzako wote, mmoja mmoja, hapa hapa ulipokaa," akasema. "Wote wamekataa."

Nikamweleza habari zetu, kwamba huwezi kumuuliza Mkongo mambo yake kwenye chumba kisicho na dari. Alicheka hadi akashika meza. "Mama yangu ni hivyo hivyo," akasema. "Niliposomea kazi hii aliwaambia majirani kwamba ninauza viatu." Lakini hakuwa na dawa. Kanuni ilikuwa majina manane, na yeye hakuitunga. Nilitoka nikiamini kwamba niko peke yangu na ndoto yangu, na nikaanza kuizoea harufu ya nyumba ya wazee kabla sijaingia hata moja.

Jumamosi nikaenda maktaba. Naishi Saint-Josse, na huko siwezi kununua hata kitunguu bila mtu kuniita maman kutoka upande wa pili wa barabara, kwa hiyo nilichagua maktaba moja ya upande mwingine wa jiji, mbali na wanaonijua. Nilipanda hadi ghorofani, nikazunguka rafu, nikamwona mwanamke amenipa mgongo, kitambaa cha kichwani cha zambarau, amejikunja juu ya meza na penseli mkononi. Kitambaa kile nilimnunulia mimi rafiki yangu. Kitabu kilichokuwa mbele yake kilikuwa kile kile kilichokuwa kwenye mkoba wangu, naye amefika kwenye sura ya vivuko vya reli.

Nilirudi nyuma ya rafu. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Miaka kumi na minne! Nimemshikia mtoto akiwa na homa, nimempeleka hospitali, nimemsikiliza akimsema mkwewe mpaka nikamchukia mkwe nisiyemjua, halafu ananificha hili? Nilishuka ngazi nikiwa nimevimba. Katikati ya ngazi mkoba wangu ukagonga kwenye reli, kile kitabu kikanipiga ubavuni, na nikasimama. Yeye anakaa Molenbeek. Alikuwa amevuka jiji zima ili nisimwone, na mimi nimevuka jiji ili asinione. Nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi, na kijana mmoja mwenye kompyuta akanipisha kwa wasiwasi.

Nikiwa njiani kurudi nilianza kuhesabu kwa vidole. Kama yeye anataka, nani mwingine? Yule papa wa kufungasha alikuwa ameniuliza, ghafla tu, bila salamu, kama kule kwetu nilizoea kurudi nyuma na pikapu kwa vioo au kwa kugeuza shingo. Dada mmoja wa meza ya kukata vitambaa alikuwa ameanza kuvaa miwani ya kuonea mbali. Mwingine alikuwa ameacha pombe, akasema ni kwaresima, na kwaresima ilikuwa imepita. Nilifika vidole saba bila kujitahidi. Sote tulikuwa tunataka kitu kimoja, na kwa kuficha kwetu tulikuwa tunakiua.

Jumapili baada ya misa nilikula kwa rafiki yangu. Alikuwa amepika sombe, kisamvu chetu. Nilimfungulia mlango wa kusema polepole, nikamuuliza ile karatasi ya basi anaionaje.

"Ile?" akasema, akiniongezea chakula. "Ile njo ya benye nguvu, yaya. Mi na hii myaka yangu, nitaenda nayo wapi?"

Uso wake haukutikisika. Nilimwangalia kwa heshima, maana mtu anayedanganya vizuri hivyo naye ana ufundi wake. Ningeweza kusema, nilikuona. Ningeweza kwenda kwa mshauri Jumatatu na kusema, mwite fulani, anadanganya. Lakini jambo lake lilikuwa lake. Kama kuna la mtu lililokuwa langu kutangaza, lilikuwa la kwangu mwenyewe, na wazo hilo lilinikata hamu. Nikamaliza sombe kwa sababu tu nilikuwa nimekasirika.

Alhamisi tulikaa tena kwenye duara. Karatasi bado nyeupe, na mwisho kesho yake. Mshauri akauliza kama kuna mtu ana jambo jipya. Papa wa kufungasha akakohoa. Nikaona mkono wangu umeshika kiti, na nikasimama bila kuwa nimeamua sawasawa. Kwa Kifaransa nilimwambia mshauri anipe dakika moja na watu wangu, kisha nikageukia wenzangu.

"Sikieni," nikasema. "Mi nataka kuendesha bus. Bus ya hii mji. Nimelala nayo, nimeamuka nayo. Sasa nimesema. Mwenye kutaka kuniloga, aniloge, lakini anilogee apa apa, tujue ni nani."

Kulikuwa na kicheko kimoja, kidogo, kikazimika. Nikatoka hadi kwenye mashine ya kahawa, nikaandika jina langu kwenye mstari wa kwanza na kutia sahihi. Niliporudi hakuna aliyeniangalia. Nilijiona kama nimevua nguo mbele ya watu wa kanisa.

Kisha papa wa kufungasha akainuka. "Maman iko na courage," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Bon. Mi naenda kutafuta kahawa." Alichukua muda mrefu kwa kahawa moja. Baada yake akainuka dada wa meza ya kukata, naye akasikia kiu. Mpaka saa tisa kulikuwa na majina sita, na Ijumaa asubuhi yakawa saba. Mshauri alipita mbele ya ile karatasi na kurudi, pete zake zikigongana, akijifanya anatafuta faili.

Rafiki yangu hakuwa ameinuka. Ijumaa hiyo nilisimama kando ya mashine ya kahawa tangu saa nne. Saa tano na nusu alipanda ngazi, bado amevaa koti, uso umekaza.

"Uliniona ku bibliothèque," akasema, yaani kule maktaba.

"Nilikuona."

"Mi pia nilikuona, ukiwa unashuka. Nikangoja utaambia batu."

"Haikukuwa yangu ya kusema."

"Ungesema ya kwako mbele ya kuniuliza, yaya, ningekupikia siku hiyo kitu cha maana," akasema, na tukacheka wote wawili vibaya, kicheko cha watu walioshikwa. Kisha akachukua kalamu. Herufi ya kwanza aliirudia. Majina manane. Mshauri alibandua karatasi kama anabandua kitu kinachoweza kuchanika, akaibusu, akakimbia nayo kwenye faksi au sijui wapi.

Kundi likafunguliwa. Tulifanya majaribio ya kuandika, nikashika nafasi ya pili, nikaringa wiki nzima. Kilichobaki kilikuwa daktari.

Chumba cha macho kilikuwa na giza. Wanakuwekea kidevu kwenye kitu cha plastiki, unaangalia nukta moja mbele, na kila ukiona kimwanga pembeni unabonyeza kitufe. Nilibonyeza kwa bidii. Daktari akarudia. Akarudia tena jicho la kushoto. Kisha akawasha taa, akageuza karatasi nione, na juu yake palikuwa na sehemu nyeusi pembeni, kwenye jicho moja kubwa, kwenye jingine ndogo. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unakula uwezo wa kuona pembeni taratibu na mwenyewe hajui. Watu wengi wa asili yetu wanao. Matone asubuhi na jioni, maisha yote, na utabaki na ulichonacho. Lakini kuendesha basi, hapana.

Nilibishana naye. "Naona!" nikamwambia. "Nakuona wewe, naona kalenda nyuma yako, nikusomee tarehe?" Akajibu kwa utulivu kwamba naona kilicho mbele yangu. Nilimchukia mtu yule. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba mashine yake ni mbovu, na hakika hiyo niliishi nayo muda mrefu.

Kundi halikufungwa kwa sababu yangu. Lilikuwa limeshakubaliwa, na saba waliendelea. Lakini nililazimika kurudi selule. Hakuna aliyesema, si unaona, ulisema mdomo wazi. Hawakuhitaji kusema. Waliponiona waliteremsha sauti. Papa wa kufungasha alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, pole maman, pole sana, na dada wa meza ya kukata akagusa msalaba wake shingoni, mara moja, upesi, akidhani sioni. Wao walikuwa wamesaini baada yangu, wakipita mlango niliouvunja mimi, na sasa kila mmoja alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuionyesha mbele yangu. Nilijuta. Watu wengine wakisimulia mambo kama haya husema wangefanya tena. Mimi siku zile nisingefanya tena. Ningenyamaza na karatasi ingebaki nyeupe na sote tungekwenda kufagia maofisi, na hakuna ambaye angenipa pole.

Mshauri alinipeleka kusomea utunzaji wa wazee. Ni kazi nzuri, nasema kweli. Nina wazee wangu wanaonisubiri asubuhi, mmoja anakataa uji mpaka nimwimbie. Matone natia kila siku, na daktari mwingine ameniambia kwamba nisingepimwa mwaka ule, leo ningekuwa natembea kwa kupapasa. Watu wa kanisani wakisikia hivyo wanainua mikono. Nami nainua. Namshukuru Mungu kwa macho yangu. Lakini nilitaka basi.

Rafiki yangu alimaliza mafunzo. Kila nikimuuliza, alikuwa bado kwenye mazoezi. Mwezi ukapita, ukapita mwingine, bado mazoezi. Nikaacha kuuliza. Alianza kuchelewa kujibu simu, na tukawa tunaonana Jumapili tu, mezani, tukizungumza bei ya mihogo.

Halafu siku moja alasiri, nikitoka kazini nimechoka, basi likasimama mbele yangu, mlango ukafunguka, na dereva alikuwa yeye. Sare imempendeza, nywele amezisuka upya. Tulitazamana. Alisema, "Bonjour," kama anavyomwambia abiria yeyote, nadhani kwa mshtuko. Nami nikagusisha kadi yangu, nikaketi kiti cha mbele kabisa, nikapita kituo changu, nikapita vingine vyote, hadi abiria wa mwisho aliposhuka na yeye akazima injini.

"Toka lini?" nikauliza.

"Mwezi ya tatu sasa."

"Na ulikuwa utaniambia lini?"

Alikaa bila kugeuka. "Kila dimanche ku meza nilikuwa najisemea, leo njo leo. Kisha naona macho yako, yaya, naona uko unapima ile matone kwa taa, na mudomo inafungika. Nitaanzia wapi? Bila weye hakungekuwa hata ile groupe."

Nilimwambia kwamba macho yangu hayakuharibika kwa sababu yake, na kwamba kunificha furaha yake ndiko kulikoniuma, kuliko ningeambiwa. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza yote. Kisha akafungua kile kilango cha kiti chake, akatoka, akaangalia huku na huku barabarani.

"Niko na dakika huit," akasema, yaani nane, akinionyesha kiti chake. "Kuya. Ikala."

"Inakatazwa."

"Ikala, yaya."

Nikakaa. Usukani ulikuwa mpana kuliko nilivyofikiri, na mikono yangu ilienda mahali pake yenyewe. Kioo kile! Niliona barabara nzima, miti, mwanamke na mbwa wake, duka la mikate linafunga, na mbali kabisa taa nyekundu ikageuka kijani. Niliona kila kitu, safi, hadi herufi ndogo kwenye ubao wa kituo. Furaha ilinijaa pamoja na uchungu, maana nilijua sasa kwamba daktari yule alinidhulumu.

Rafiki yangu alikuwa ameshuka kwa mlango wa kulia. Alipita mbele ya basi polepole, akinicheka, akigonga kioo kwa vidole, akaelekea upande wangu wa kushoto. Kisha akatoweka. Nilingoja atokeze. Nikasikia bado anagonga, sasa kwenye bati, karibu kabisa na kiwiko changu, na sikumwona. Nikageuza shingo yote. Alikuwa hapo hapo, chini ya dirisha, mkono juu, ananipungia, na usoni alikuwa na tabasamu lililoanza kuchoka kwa kungoja nimjibu.

Nikamwangalia. Nikamrudishia mkono. Kisha nikainuka, nikamwachia kiti chake.